KitKat ya kijani bado ni KitKat?

Mtanga wa Osaka:
Wadau, nipo Japani mwaka wa tatu. Juzi nimerudi Tanga likizo na mfuko wa KitKat, zile biskuti za chokoleti, ila hizi za matcha, yaani unga wa majani ya chai ya kijani. Rangi kama mchicha. Mama alimega kidogo, akatafuna kwa adabu, akauliza, "Mwanangu, hii imeharibika au ndivyo ilivyo?" Mimi naipenda. Swali: ukishabadilisha ladha, rangi, hata chokoleti yenyewe, una haki ya kubaki na jina lilelile?

Bibi Visheti:
Huna. Kilichobaki hapo ni biskuti tu. Hiyo ni chokoleti nyeupe iliyotiwa majani ya chai, na chokoleti nyeupe si chokoleti. Mafuta na sukari.

Mdau 77:
Mafuta ya kakao, dada. Hayatoki kwenye alizeti. Halafu mnashangaa kama jambo la jana. Wakati wa Vita vya Pili maziwa yaliadimika Uingereza, KitKat ikatengenezwa bila maziwa na karatasi ikawa ya buluu. 1942 hiyo. Jina la KitKat likabaki.

Kyela Kwetu:
Mnagombania makombo. Sisi tuliokulia Kyela, kule Mbeya, tumenyonya kakao mbichi shambani tangu utotoni. Ladha ya kakao hamuijui nyie.

Bibi Visheti:
Makombo? Mbegu ya kakao isipovundikwa, ikaanikwa, ikakaangwa, ni chungu tupu. Kwa hiyo unajua ladha ya chokoleti kama anayenusa jiko la jirani anavyojua pilau.

Kyela Kwetu:
Nimesema KUNYONYA. Ule ute mweupe unaozunguka mbegu. Mtamu una ukakasi kidogo, kama stafeli. Soma kwanza ndipo ukurupuke.

Pwani Tupu:
Stafeli?! Hapo umetugusa. Huo ute labda ni shokishoki. Stafeli mwache na heshima zake.

Kyela Kwetu:
Umewahi kuuonja?

Pwani Tupu:
Sijawahi. Lakini stafeli nalijua.

Mdau 77:
😂😂 Huyu ni wakili.

Kyela Kwetu:
Chekeni. Kakao yetu inaingia mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani unaiacha ghalani unapewa risiti, inapanda meli, halafu mtu anatoka nayo Japani ikiwa ya kijani anatuuliza kama jina ni halali. Mngeuliza mkulima anabaki na nini.

Mtanga wa Osaka:
Mkuu, mimi nimeleta pipi, sikununua shamba lako. Na sijui kama hii ina hata punje ya Kyela.

Sheha Mstaafu:
Nasikia huko kuna ya wasabi na nyingine ya pombe ya mchele, asilimia nane. Umempa mama yako hiyo?

Mtanga wa Osaka:
Sufuri nukta nane, mzee wangu, si nane. Ilitoka 2016. Na sikuileta, mama ni mtu wa swala tano.

Sheha Mstaafu:
Hata tone ni tone.

Mdau 77:
Shikamoo mzee, lakini kasema hakuileta.

Mtanga wa Osaka:
Tukirudi kwenye jina. Wajapani wanawapa watoto KitKat wakienda kwenye mitihani, kwa sababu jina linakaribiana na "kitto katsu", hakika utashinda. Kwao jina ndilo linalofanya kazi, ladha abiria tu.

Bibi Visheti:
Kumbe ni hirizi. Ungesema mapema, nisingejadili upishi.

Mdau 77:
Wewe ulipewa? Ulifaulu?

Mtanga wa Osaka:
Hilo tuliache.

Binti Chumbageni:
Nimechelewa. Hizo za kijani zimebaki? Mimi nipo hapahapa Tanga.

Mtanga wa Osaka:
Zipo tatu. Mama kazifungia kabatini, anasema ni za wageni.

Pwani Tupu:
Suala la stafeli sijajibiwa.