Nusu saa ya kungoja baada ya sindano ya mzio

Binti Tanga:
Ndugu zangu, ninaishi Austin, Texas, na kila mwaka kuanzia Desemba, mierezi inapomwaga chavua, mimi hupiga chafya na kuwashwa macho hadi Februari. Daktari amenianzishia sindano za mzio, za kuuzoesha mwili chavua hiyo: kila wiki kwa miezi ya mwanzo, dozi ikipanda kidogo kidogo, kisha mara moja kwa mwezi kwa miaka 3 hadi 5. Nimeshachomwa nne, na sikupata ila uvimbe mdogo mkononi. Kliniki hainiruhusu kuondoka kabla ya dakika 30, nami nina mapumziko ya saa moja tu kazini. Je, kuna ubaya nikiwahi kutoka? Tena, nikienda likizo Tanga, naweza kubeba kichupa changu cha dawa nikachomwe nyumbani na dada yangu, ambaye ni muuguzi?

Muuguzi Mstaafu:
Dada yangu, nakuomba usitoke. Ndani ya sindano ile mna chavua yenyewe inayokudhuru, na mwili unaweza kuikataa kwa ghafla. Athari kali nyingi hutokea ndani ya nusu saa hiyo. Usalama wa sindano nne zilizopita hauidhamini ya tano, kwa kuwa ya tano ina nguvu zaidi. Ukihisi viganja vinawasha, mabaka yanakutoka, koo linabana au kizunguzungu kinakushika, mwite muuguzi papo hapo, hata kama unaona haya. Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja bila kuchelewa. Vidonge vya mzio havitoshi.

Kwa sababu hiyohiyo, sikubaliani na kuchomwa nyumbani, hata kwa mkono wa dada yako. Mwambie daktari tarehe za safari mapema. Ukikosa wiki kadhaa, atapunguza dozi kwanza ndipo aendelee, na hilo si hasara kubwa.

Baba Salma:
Mimi nina pumu. Siku moja nilificha kwamba nilikohoa usiku kucha, kwa kuwa sikutaka kurudishwa, nikachomwa. Dakika ya 20 kifua kilibana hata nikashindwa kusema. Walinichoma adrenalini mara moja, nami namshukuru Mungu kwamba nilikuwa bado kitini pale. Tangu hapo hupulizia kwanza kile kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, na kipimo kikiwa chini naahirisha.

Binti Tanga:
Ahsanteni sana. Nitamwomba msimamizi wangu anipangie siku ya kuchelewa kutoka kazini, nifidie muda wa kungoja. Ila sikumwambia daktari kwamba mwezi uliopita nilianzishiwa atenololi kwa ajili ya shinikizo la damu.

Muuguzi Mstaafu:
Piga simu kliniki leo, kabla ya sindano ijayo. Atenololi ni ya kundi la dawa ziitwazo beta-blocker, nazo zinaweza kuifanya adrenalini isifanye kazi ipasavyo wakati unapoihitaji. Usiache atenololi kwa uamuzi wako mwenyewe. Waachie madaktari wako wawili washauriane kama ibadilishwe, na hadi hapo usichomwe.