Nauza dagaa na kayabo (samaki wa chumvi waliokaushwa) mtandaoni, wateja wapya wamepungua. Naomba ushauri

Wakuu, habari za majukumu. Mzigo nachukua soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, natuma kwa basi Dar na Arusha. Wateja wa zamani wananipigia wenyewe, hao hawanisumbui. Shida ni wapya.

Zamani ilitosha picha ya dagaa walioanikwa na namba ya simu. Sasa picha wanaiona shemeji zangu tu. Kinachosukumwa ni video fupi, na inawafikia watu wasionunua, wanacheka wanapita. Nina na tovuti ndogo inayoeleza namna ya kuwatambua dagaa wasio na mchanga. Google nayo ilianza Mei 2024 huko Marekani kuweka jibu la akili mnemba juu ya matokeo, kisha ikasambaza nchi nyingine. Mtu akishasoma pale, kwangu aje kufanya nini?

Kuna kijana anataka nimpe hela aniendeshee matangazo ya kulipia. Simwelewi: anaongelea "laiki" tu, bei ya kilo hajawahi kuuliza. Halafu dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikikolea wanaadimika na bei inapanda. Tangazo likiangukia wiki hiyo, nitauza nini?

Nafikiria kuacha tovuti, nijikite kwenye ramani ya Google, wateja waweke maoni na picha, na wengine niwakusanye WhatsApp. Kwa mnaouza vyakula vikavu mikoani: mteja mgeni anayetuma pesa kabla ya kuona mzigo, siku hizi mnampatia wapi?