Kuguswa polepole kwa maumivu ya shingo, inasaidia kweli ama nalipia usingizi?

MamaShamim_Arua
Habarini jamani. Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, na kila shule zikikaribia kufunguliwa yunifomu zinarundikana mpaka silali, sasa shingo na bega la kulia vimekaza, nikitaka kuangalia nyuma nageuza mwili mzima kama lori. Diklofenaki nimemeza mpaka tumbo linawaka. Basi kuna dada amefungua chumba mjini anafanya kitu kinaitwa Bowen, nikaenda. Nilidhani nitakandwa mpaka nilie, kumbe anaweka tu vidole gumba juu ya nguo, anauviringisha msuli wa kiuno mara moja hivi, halafu anatoka nje anakuacha! Dakika kadhaa anarudi, anagusa mgongoni, anatoka tena. Mimi nikajua ameenda kupokea simu. Elfu sitini. Na niwaambie ukweli, nilitoka shingo imelegea, usiku nikalala vizuri, kesho kutwa ikaanza kurudi. Anasema nirudi baada ya wiki na nisikandwe na mtu mwingine hapo katikati. Hii ni tiba ama nalipia usingizi? Mwenye kujua anisaidie.

BodaWaStegi
Pole mama, ila elfu sitini kwa kulala?? 😂 Kwa hiyo pesa mimi si nakufikisha Koboko. Stegi yetu tukiumwa kuna mzee anakushika kichwa anakizungusha ghafla, shingo inalia kha! unaamka mzima. Elfu tano tu. Hao wengine wanauza hewa.

FizioMbale
Kaka wa boda nakuheshimu, ila hilo la kuzungusha kichwa ghafla acheni kabisa. Kuna mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo inapita ndani ya pingili za shingo, ikichanika mtu anapata kiharusi, hata kijana.

Mama Shamim, aliyeanzisha hiyo kitu ni Tom Bowen wa Geelong kule Australia, alifariki 1982, na hakuwa daktari. Kutoka nje ndiyo taratibu yao, wanasema mwili unapewa nafasi ya kuitikia. Kuna watakaokwambia inatoa sumu, inapanga mwili upya, mimi hayo sinunui. Australia kwenyewe serikali ilipitia tafiti, ripoti ikatoka 2015, ushahidi wa maana haukuonekana, na toka Aprili 2019 wakaiondoa kwenye bima zile ambazo serikali inachangia.

Lakini kulegea ulikosikia si uongo. Mtoto akianguka si unamsugua goti kabla hata hujatafuta dawa? Mwaka 1965 watafiti wawili wa maumivu, Melzack na Wall, waliandika kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango, habari ya kuguswa ikipita pale inaizuia kidogo habari ya maumivu isipande. Halafu ngozi yenye vinyweleo ina neva zake zinazopenda mkono wa polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde, na mtu akitulia misuli nayo inaachia. Ndiyo maana inasaidia, na ndiyo maana inarudi ukikaa tena kwenye mashine na mkao uleule.

Sasa nijibu: vidole vinakufa ganzi? Mkasi unakuponyoka? Homa, jasho la usiku, kukonda? Maana TB ya uti wa mgongo ipo na mtu anakandwa miezi akidhani ni uchovu. Miguu ikilegea ama mkojo ukigoma hiyo ni kukimbia hospitali siku hiyohiyo. Na diklofenaki pumzisha, tumbo likiwaka ujue limeshakwambia.

BintiBombo
Mimi wala sishangai. Bibi yangu hapa Bombo anakanda toka zamani na cheti hana. Mafuta ya simsim anatia kwenye kikombe cha bati, kikombe anakiweka ndani ya maji moto, hapo juu ya jiko hapataki kabisa eti yanaungua yananuka, anajipaka yeye kwanza kupima joto. Kisha anaanza mbali na panapouma, kwenye mkono, kiwiko, anapanda taratibu mpaka begani, na akifika penye fundo hakandamizi, anatuliza kiganja pale mpaka unasikia mwenyewe linaachia. Ukimwambia bibi kaza kidogo anakufokea, kwani nimekuja kukuchubua? Unampelekea sukari na sabuni, imekwisha. Ila mguu uliovimba upande mmoja hagusi, anakufukuza uende hospitali.

FizioMbale
Bibi ana akili, huo mguu unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani, ukiusugua inasafiri mpaka mapafuni.

Okello_K
Mimi nilimuuguza mama na kansa, wa Hospice Africa Uganda pale Makindye ndio walitushika mkono, wale wanaotuliza maumivu ya wagonjwa wa kansa, walioanza 1993 na daktari Anne Merriman, wenye morifini ya kunywa, dawa ya maumivu makali. Nesi akishampa dawa akanifundisha kumshika miguu, losheni kidogo, kiganja chote, polepole toka kifundoni mpaka vidoleni, bila kubonyeza na kuruka penye uvimbe. Mama alikuwa anaingoja ile saa. Maumivu makubwa yalizimwa na dawa, lakini ile miguu ilimtoa hofu, akaanza hata kupiga stori. Kwa hiyo BodaWaStegi usiseme hewa. Wa kuogopa ni yule anayekwambia acha morifini nije nikuguse.

MamaShamim_Arua
Asanteni sana. Mwanangu Fizio umenishtua. Homa sina, mkasi nashika vizuri, ila usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata vinachoma mpaka naamka kukung'uta mkono. Nilijua ni shingo ileile. Na kwa yule dada nirudi ama niache?

FizioMbale
Mama, hiyo ya kuamka kukung'uta mkono mara nyingi ni neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, bega likiguswa mwaka mzima haifikiwi. Nenda hospitali ya rufaa hapo Arua, uliza fiziotherapia, wapime shingo na kifundo vyote. Usiku funga kifundo kikae kimenyooka, hata kwa kadibodi na kitambaa, wewe fundi hutashindwa. Kiti weka mto ili kiwiko kiwe usawa wa meza ya mashine, na kila nusu saa simama uzungushe mabega. Yule dada hana ubaya, kama pesa ipo nenda ukapumzike. Kama elfu sitini ni hiyohiyo moja, anza na hospitali.

BodaWaStegi
Mama hospitali nakupeleka bure, kesho asubuhi nipigie. Lakini huyu mzee wetu wa stegi nani atamwambia?

FizioMbale
Mwambie mabega akande anavyotaka, kichwa aache.