Mjadala: Jaji aisome sheria kongwe kwa Kiingereza cha siku ilipopitishwa, au cha leo?

Naleta swali ambalo huko Marekani limewagawa majaji, wanasheria na wanaisimu kwa miaka mingi: sheria ya zamani isomwe kwa maana ambayo maneno yake yalikuwa nayo siku ilipopitishwa, au kwa maana wanayoielewa wananchi wa leo? Nautamka msimamo wangu mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Naamini kwamba maana ya kale ndiyo inayomfunga jaji, lakini napinga vikali desturi ya kuitafuta maana hiyo kwa kufungua kamusi kongwe na kunakili fasili za neno mojamoja.

Maana ya kale haikwepeki. Ibara ya 4 ya Katiba ya Marekani, iliyotiwa saini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787, inaahidi kwamba serikali kuu italikinga kila jimbo dhidi ya "domestic violence". Leo maneno hayo humaanisha mume kumpiga mkewe au mzazi kumtesa mtoto, ilhali walioyaandika walikuwa wakizungumzia uasi. Mwaka mmoja tu kabla, wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni walikuwa wameshika silaha dhidi ya mahakama za jimbo lao, na "domestic", neno linalotokana na "domus" ya Kilatini, yaani nyumba, lilikuwa limekwisha kupanuka hadi kutaja mambo ya ndani ya nchi. Anayetaka Katiba isomwe kwa Kiingereza cha leo atueleze ataifanyaje ibara hiyo.

Wapo pia wanaodai kwamba kushikamana na maana ya kale huwanufaisha wenye nguvu peke yao. Kesi ya dereva wa lori Dominic Oliveira inawakanusha. Sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925, inayotaka mgogoro wa mkataba upelekwe kwa msuluhishi badala ya mahakamani pale mkataba unaposema hivyo, haigusi "contracts of employment" (mikataba ya ajira) za wafanyakazi wa uchukuzi, na kampuni aliyoifanyia kazi ilidai kwamba yeye ni mkandarasi huru, si mwajiriwa, hivyo msamaha huo haumhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Neil Gorsuch na kuungwa mkono na majaji wote 8 walioshiriki, ilisema kwamba mwaka 1925 "employment" ilikuwa kazi ya namna yoyote, ikiwemo ya mkandarasi. Dereva akashinda kwa maana iliyokwisha kuchakaa.

Nasi wa Afrika Mashariki tusilione jambo hili kuwa la mbali, kwa kuwa Kenya hupokea sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, na Tanzania Bara zile za tarehe 22 Julai 1920.

Ugomvi mkubwa uko kwenye kesi ya Heller ya mwaka 2008, iliyohusu marufuku ya bastola jijini Washington. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu ya "to keep and bear arms", neno kwa neno kuwa na silaha na kuzibeba. Jaji Antonin Scalia, akiandika kwa niaba ya majaji 5 dhidi ya 4, alichukua "arms" na "bear" kila moja peke yake, akatumia kamusi ya Samuel Johnson katika toleo la 1773, akafikia kwamba maneno hayo ni kubeba silaha tu, hata kwa asiye askari. Jaji John Paul Stevens alipinga, akisema kwamba yakiwa pamoja yalikuwa nahau ya kutumika kama askari, na wanaisimu waliiunga mkono hoja hiyo kwa kuirudisha kwenye "arma ferre" ya Kilatini, yaani kubeba zana za vita.

Hapa nasimama na Stevens. Mgeni akitafuta "kupiga" kisha "kura" kamusini, hatapata mtu anayechagua mbunge. Zaidi ya hayo, Johnson alitoa mifano yake kwa waandishi mashuhuri wa fasihi, wengi wao wakiwa wamefariki muda mrefu kabla ya kamusi hiyo kutoka mwaka 1755, hivyo haionyeshi moja kwa moja lugha ya mkulima wa Virginia. Leo zipo hazina za maandiko ya karne ya 18 zinazopekuliwa kwa kompyuta. Mwanaisimu Dennis Baron alizipekua, akakuta takriban mifano 1,500 ya "bear arms" katika karne ya 17 na ya 18, na michache mno ndiyo isiyohusu vita, uaskari au mapambano ya pamoja.

Watetezi wa Scalia wana jibu ambalo siwezi kulipuuza. Wanasema kwamba magazeti na vijitabu vya wakati ule viliandika habari za vita, na hakuna aliyehangaika kuandika kwamba jirani amebeba bunduki kwenda kuwinda, kwa hiyo wingi wa mifano haufuti maana nyingine. Tena katiba ya Pennsylvania ya mwaka 1776 ilitaja haki ya kubeba silaha kwa kujilinda wenyewe pamoja na kulilinda jimbo, na Scalia aliitumia. Nakubali kwamba ushahidi huo ni wa kweli. Basi anayeutetea atuonyeshe, kutoka katika barua, mashauri ya mahakama au shajara za miaka hiyo, mahali ambapo mtu wa kawaida alisema "bear arms" akimaanisha bunduki ya nyumbani kwake.