Nimeulizwa mbele za watu kama nimekwenda kununua gari au kuposa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa kituo cha daladala, viatu vimelowa, na hasira imenipanda kiasi kwamba aya hii nimeifuta na kuiandika upya mara tatu.

Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sioni haja. Kila mtu aliyewahi kutafuta gari lililotumika katika jiji hili la Dar es Salaam anamjua: ndiye yule dalali mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko bwana jela, anayevaa miwani ya jua hata usiku, na anayemwita kila mteja "bosi wangu" hadi pale bosi mwenyewe anapopiga magoti kuchungulia uvungu wa gari.

Gari lenyewe ni Toyota IST, namba za usajili za herufi D, shilingi milioni 9 na laki 5. Tangazo lilisema kwamba lilikuwa likitumiwa na daktari wa kike kwenda kazini na kurudi tu. Kwa hesabu yangu, daktari huyo wa kike amekwisha kuuza magari elfu arobaini katika jiji hili peke yake, na sijui wagonjwa anawatibu saa ngapi.

Tulikubaliana jana kwa simu kwamba gari lisiwashwe mpaka nifike, kwa sababu injini iliyolala usiku kucha haiwezi kuficha dhambi zake: ikiwa inakula oili utauona moshi wa bluu, na ikiwa inagonga utaisikia kabla haijapata joto. Nikafika saa 1 asubuhi, mvua ya masika ikinyesha tangu alfajiri. Nikaweka kiganja juu ya boneti, nikakitoa haraka kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Ungeweza kukaanga yai pale na likaiva pande zote mbili. Nikamuuliza kulikoni. Akatazama mbinguni, matone ya mvua yakimtiririka kwenye miwani yake, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Ni jua, bosi wangu."

Hilo nililimeza. Nikaingia ndani, nikazungusha ufunguo hadi pale ambapo taa zote za dashibodi huwaka kabla injini haijaanza kuzunguka. Zikawaka zote isipokuwa taa ya injini. Mtu yeyote aliyewahi kuumizwa anajua kwamba taa hiyo ni lazima iwake pale kisha izimike, na kwamba isipowaka kabisa, basi yupo mtu aliyeing'oa au kuiziba ili isiseme. Yeye akapiga makofi: "Umeona? Haina hata tatizo moja!"

Hilo nalo nililimeza. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaweka tochi mdomoni ili mikono yote miwili iwe huru, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, na nilikuwa nikifungua kifuniko cha oili ili nione kama upande wa ndani una utando wa rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yanaweza kuwa yamechanganyika na oili. Ndipo aliponyoosha mgongo, akahakikisha kwamba mama wa chapati, vijana wa bodaboda na yule mzee wa magazeti wote wanamsikiliza, akasema: "Kaka, umekuja kununua gari au umekuja kuposa?"

Mama wa chapati alicheka mpaka chapati ikaungua. Harufu ile ya chapati iliyoungua bado ninayo puani. Umekuja kununua gari au kuposa! Na mimi, wakuu, sikuweza kumjibu kitu, kwa sababu nilikuwa na tochi mdomoni.

Kibatari: Pole sana, ndugu mleta mada. Hata hivyo, swali uliloulizwa lilikuwa la msingi na nimesoma uzi wako mara mbili bila kuona mahali ulipolijibu.

Mama Wawili: Huyo namfahamu vizuri mno. Alimuuzia mdogo wangu Passo ambayo mita yake ilisoma kilometa 64,000, wakati raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana. Nilimuuliza kama daktari wake alikuwa akikanyaga breki tangu asubuhi mpaka jioni bila kwenda popote. Akanijibu kwamba wanawake hatupaswi kujichosha na mambo ya magari.

Mleta mada: Asante, Mama Wawili, wewe ndiye pekee uliyeelewa. Ndugu Kibatari, ningejibu vipi? Nilikuwa na tochi mdomoni! Yule mtu alisubiri kwa makusudi mpaka mdomo wangu uwe na kazi. Kununua gari au kuposa! Mzee wa magazeti alikunja gazeti ili aone vizuri.

Kibatari: Kwa hiyo mchumba ulimwendea na tochi mdomoni, mchana kweupe, bila mshenga. Wazee wake walikuwa na haki ya kuuliza.

Mchuuzi Halali: Naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaouza. Biashara hii nimeifanya miaka 11 na ninyi wanunuzi hamjawahi kusemwa ipasavyo. Mtu anakuja na mafundi watatu, anaendesha gari kutoka Mwenge hadi Bunju kwa mafuta yangu, anapiga picha kama mpelelezi, halafu anasema anakwenda kushauriana na mkewe, na huo ndio mwisho wa kumwona duniani. Nimewahi kupata mteja aliyekagua gari kwa saa 4, akavuta mikanda yote ya viti mpaka mwisho, akalala kwenye buti, kisha akaniomba nauli ya kurudi.

Mama Wawili: Mkanda wa kiti kuvutwa hadi mwisho unakuumiza nini, ndugu Mchuuzi? Mimi ningeuvuta mapema nisingekuwa na Noah hii. Kwa nje inang'aa kama kikombe cha harusi. Siku niliyombeba mama mkwe, mkanda ukatoka wote, na tukaona mstari wa tope umekatiza kitambaa mahali ambapo mkanda haufiki kwa kawaida. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko. Nilipoinua zulia nikakuta mchanga wa kutosha kufyatulia tofali, na likipigwa na jua linanuka kama chombo cha dagaa.

Mvuvi wa Likoni: Huku Kenya sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo nilijidanganya kwamba gari jipya jipya haliwezi kuwa na aibu. Kumbe lililogongwa jana nalo ni jipya. Nilichukua sumaku ya friji nikaiweka kwenye mlango wa kulia, ikashika. Nikaiweka kwenye mlango wa kushoto, ikaanguka kama embe bivu. Puti tupu, ule udongo wa kuziba bati lililobonyea, wala si chuma. Muuzaji akanieleza kwamba mlango huo umetengenezwa kwa chuma cha kisasa.

Mleta mada: Ndugu zangu, milango na mikanda tutaifungulia uzi wake. Hapa tunazungumzia mtu mzima aliyeulizwa mbele ya vijana wa bodaboda kama amekwenda kuposa. Mmoja wao alinipigia vigelegele nilipokuwa naondoka.

Gereji ya Uani: Mleta mada, achana na vigelegele. Alikueleza nini kuhusu injini?

Mleta mada: Alisema mkanda wa taimingi umebadilishwa mwezi uliopita kwa laki 3, na risiti ipo nyumbani kwa daktari.

Gereji ya Uani: IST ya toleo la kwanza, iwe ya injini ya 1NZ au 2NZ, inatumia cheni ya taimingi. Mkanda huo haumo. Aliubadilisha wa gari gani?

Kitonga: Mkanda umo, ndugu. Mimi nina IST na nimeuona kwa macho yangu, upo ubavuni mwa injini.

Gereji ya Uani: Huo unazungusha altaneta ya kuchaji betri, ndugu Kitonga. Taimingi iko ndani na huwezi kuiona mpaka ufungue injini.

Kitonga: Fundi wangu ananitoza pesa ya mkanda wa taimingi kila mwaka.

Gereji ya Uani: Fundi wako namwonea wivu.

Mchuuzi Halali: Na hapo ndipo tulipaswa kuanzia, kwa mafundi. Mnunuzi analeta fundi wake akamlinde, na fundi huyohuyo ananivuta pembeni na kuniuliza chake ni kiasi gani. Nikikataa, gari langu zima linapata ugonjwa wa gia boksi papo hapo.

Mama Wawili: Kwa hiyo ukikubali linapona?

Kibatari: Turudi kwa bwana harusi. Kuna jambo umelizunguka tangu mwanzo. Je, ulikuwa umemlipa chochote?

Mleta mada: Hilo halihusiani na mada. Mada ni lugha aliyoitumia.

Kibatari: Ulimlipa.

Mleta mada: Nilimtumia laki 2 jana usiku kwa simu, za kushikia gari, kwa kuwa alisema kuna mteja kutoka Morogoro yuko njiani na pesa taslimu. Alisema hairudishwi.

Kibatari: Wakuu, huyu alitoa mahari kwanza, posa ikafuata. Naondoa utetezi wote niliowahi kuutoa kwa niaba yake.

Mvuvi wa Likoni: Huyo mteja wa Morogoro ana ndugu yake Mombasa. Naye yuko njiani tangu mwaka juzi.

Mleta mada: Chekeni. Kesho narudi pale, bila tochi, na nitamjibu.

Kitonga: Gereji ya Uani, naomba unisaidie. Ikiwa mkanda haumo, zile risiti zangu za miaka 3 ni za nini?

Mnyonge wa Tabata: Samahani, nimechelewa kuingia na sijasoma vyote. Mama Wawili, hiyo Noah yenye mchanga bado unayo? Natafuta gari la familia, na kama bei ni nzuri naweza kuja na fundi wangu Jumamosi kulikagua.

Mama Wawili: Ipo, karibu sana, bosi wangu. Fika saa 1 asubuhi, nami nitaiwasha mapema ili usikae kusubiri.