Naomba ushauri: wenzangu wanakataliwa kufungua daftari la kikundi mtandaoni

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga huku Ahero, Kisumu. Daftari la mavuno na malipo tuliliweka mtandaoni ili kila mwanakamati alione hata akiwa shambani. Tangu Jumatatu, watatu kati yetu saba wakibofya kiungo wanapata kosa 403, yaani seva imeelewa ombi ila imelikataa. Ingekuwa 401, yaani seva haijamtambua anayeomba, ningeshuku nywila.

Nimewaondoa nikawaalika upya kwa ruhusa ya kuhariri, na kuki (kumbukumbu ndogo za tovuti kwenye kivinjari) tumefuta. Bado. Kinachonishangaza ni huyu mama mweka hazina: akiingia na barua pepe yake kwenye dirisha la faragha, daftari linafunguka vizuri! Simu yake ina akaunti mbili, kwa hivyo nahisi kivinjari kinatumia ile ambayo sikuialika. Lakini hao wengine wawili wana akaunti moja moja tu.

Je, inawezekana kabrasha kuu, yaani folda lilimo daftari, ndilo linalowazuia? Nianze kukagua wapi? Ijumaa tunalipa wakulima, na wawili hao ndio wanaojaza idadi ya magunia. Nisaidieni tafadhali.