Maiti chini ya blanketi, nyinyi nje mwauliza chai i wapi

Jamani wa Mombasa, wa Majengo, Kibokoni, Kisauni na Likoni, uzi huu ni wa kugomba. Asiyetaka kugombwa apite.

Mtu akifariki saa tatu usiku na mazishi yakapangwa baada ya Adhuhuri, maiti atalala nyumbani masaa 16. Kwa joto la msimu wa Kaskazi hayo si masaa ya mchezo. Lakini ingia nyumba yoyote yenye msiba usiku: turubai limefungwa, viti vimepangwa, kikuza sauti kimejaribiwa mara tatu, na maiti mdomo wazi!

Kazi kubwa iko saa ya kwanza, na hiyo ndiyo mnayoimaliza kwa kupiga simu. Macho yafumbwe pale pale roho inapotoka. Taya ifungwe kwa kitambaa kipana, kipite chini ya kidevu hadi utosini. Kisha viungo vilainishwe: mkono ukunjwe kwenye kiwiko, mguu ukunjwe gotini, paja lisogezwe tumboni, halafu vyote vinyooshwe taratibu. Mwili huanza kukakamaa masaa mawili matatu baada ya kifo, macho na taya kwanza, na alfajiri umekuwa ubao. Hapo ndipo waosha maiti wanapokuta kiwiko kimekunjika, kanzu haivuki bila mkasi, na mjomba mmoja mwenye misuli ajitolea kuuvuta mkono. Mtume (S.A.W.) amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja yu hai. Sasa wewe wavuta nini?

Pete na bangili zivuliwe wakati huo huo, kwa sabuni kidogo. Vidole vikivimba, asubuhi mtatafuta koleo.

Haya, blanketi. Nani aliwafundisha blanketi? Maiti avuliwe nguo alizofia, afunikwe shuka moja nyepesi, alazwe juu ya kitanda, si godoro chini sakafuni, aelekezwe kibla (kwetu Mombasa ni kaskazini, msizunguke na simu chumba kizima). Blanketi hufungia joto, na joto ndilo linaloharakisha kuharibika. Tumbo ndilo hutangulia kufura, kwa sababu uozo huanzia matumboni. Ndiyo maana wanavyuoni wakasema liwekewe juu yake kitu kizito kiasi, chuma au udongo mbichi. Msahafu hauwekwi hapo, hata kama bibi ameng'ang'ania. Mwenye barafu aifunge ndani ya mifuko miwili miwili, aizungushe taulo, aiweke tumboni na ubavuni, na aibadilishe kabla haijayeyuka yote. Feni iwashwe, dirisha lifunguliwe. Udi na ubani fukizeni, ni jambo jema, ila moshi wa chetezo hauzuii kitu. Wafunika harufu tu, na chumba wazidi kukitia joto.

Hitima nayo, kumsomea marehemu Kurani nzima, imekuwa mchezo. Juzuu ni 30. Msomaji mwepesi humaliza moja kwa nusu saa au dakika 40, kwa hivyo watu 10 wakichukua tatu tatu, ni kama saa mbili. Hesabu rahisi. Lakini hakuna anayehesabu! Sanduku la juzuu lapita, mtu achukua juzuu kwa haya, aifungua, aweka simu ndani yake, na baada ya robo saa airudisha. Kisha dua yaombwa kwamba hitima imetimia. Mwekeni mtu mmoja na kalamu, juzuu ikirudi aulize, "Umemaliza?" Kama hamuwezi 30, someni Yasini, ni aya 83, muisome sawasawa.

Na chai. Ja'far bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume alisema watu wa nyumba ya Ja'far wapikiwe chakula, kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tumeligeuza. Mfiwa ndiye anayetuma mtoto dukani usiku akaongeze sukari, na wageni wanung'unika mahamri yamepoa. Majirani watatu wakileta chupa za chai na sinia la mahamri kila mmoja, jiko la mfiwa halina haja ya kuwashwa.

Wengine mwaharakisha pasipofaa. Mwamuosha maiti alfajiri ilhali mazishi ni Alasiri, eti ili msiwe na presha. Akae na sanda masaa tisa kwenye joto, atoke maji, bafta ya sanda ichafuke, mfungue upya. Kuosha na kukafini, yaani kuvisha sanda, hakuzidi saa moja na nusu mkiwa na majani ya mkunazi, karafuu maiti (kafuri), pamba na sanda tayari: vipande 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke. Sanda ikateni usiku, maiti mwosheni karibu na kutoka. Kibali cha mazishi pia, aliyekufa nyumbani ni kwa chifu au naibu wake, atumwe mtu mapema, si jeneza limeinuliwa ndipo mwaulizana nani ana kitambulisho cha marehemu.

Nyinyi wa kusubiri jamaa kutoka Dubai hadi kesho kutwa, nitawafungulia uzi wenu.

Ila kuna mmoja sitamngoja. Wewe uliyeingia chumbani na simu, ukafunua shuka, ukampiga picha uso akiwa bado hajafungwa taya, ukaituma kwenye gurupu la mtaa na maneno "tumuombeeni": ifute. Na uliyoituma gurupu la pili, pia ifute.